Leo Amekuja Tena

Mstari ulikuwa bado wa kijivu. Fundi aliutazama kwa siku ya tatu sasa, simu ikiwa juu ya meza ya cherehani kati ya mkasi na lundo la kola ambazo hazijapata mashati, na kila alipoutazama alizidi kuona kama anafanyiwa kusudi. Mistari mingine yote ilikuwa ya kijani. Mwalimu, bibi mstaafu aliyeishi chumba cha juu yake, hakuwa mtu wa kuchelewa. Ukibonyeza asubuhi kwamba umemtembelea, kabla ya saa sita mchana amekwisha kuthibitisha. Lakini Jumatatu hakuthibitisha, Jumanne hakuthibitisha, na leo Jumatano saa zilikuwa zinakwenda. Orodha ya watakaopewa vyumba vya kazi katika soko jipya ilikuwa inafungwa Ijumaa.

"Uzee nao," Fundi alinong'ona. Akachomeka sindano kwenye kijimto cha pamba, akapangusa nyuzi kifuani, akapanda ngazi kwenda kumkumbusha Mwalimu abonyeze.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha kando ya dirisha, shali mabegani, kidevu kifuani, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akisahihisha madaftari. Simu ilikuwa mapajani. Fundi alimwita mara mbili, akamgusa mkono, akauachia upesi.

Kitu cha kwanza kilichompitia moyoni hakikuwa huzuni. Jambo hilo hakulisema kwa mtu kwa muda mrefu, na hata yeye mwenyewe alilipitia mbali kama mtu anayekwepa kipande cha chupa sakafuni. Kitu cha kwanza kilikuwa swali: sasa nani atabonyeza?

*

Mambo haya yalianza mwaka mmoja na ushei nyuma, halmashauri ya mji ilipoleta mpango ulioitwa kwenye makaratasi kwa jina refu lenye neno blokcheni ndani yake, na ambao watu waliuita Daftari la Wema. Ofisa aliyetumwa kuueleza, bwana mwembamba aliyebandikwa jina la Bwana Mnyororo hata kabla hajamaliza kuongea, alitoa mfukoni vibanio vya karatasi akavipachika kimoja ndani ya kingine.

"Kila tendo jema ni pete moja," alisema. "Imeshikwa na ya nyuma yake, nayo inaishika ya mbele. Nakala ziko kwenye mashine elfu na kitu, humu mjini na nje. Hakuna wa kufuta. Si mimi, si meya, wala wewe uliyeandika."

Ukifanya jambo la manufaa kwa jirani, unabonyeza. Uliyemfanyia anathibitisha kwenye simu yake, na akipenda anaongeza maneno mawili matatu. Mstari unageuka kijani, alama zako zinapanda, na mwenye alama nyingi anatangulizwa katika mambo ya mji: nyumba, nafasi za shule, vyumba vya biashara. Mwanzoni watu walifanya utani. Mtu akikupisha kwenye ngazi unamuuliza kama amekuja na simu. Kisha utani ukapoa, na watu wakaanza kutazamana kwa namna ya watu wanaopimana.

Fundi alikuwa akishona katika chumba hichohicho anacholala yeye na mumewe, kitanda upande huu, cherehani upande ule, nyuzi zikiingia mpaka kwenye chai. Chumba kinachotazama barabara alikuwa amekiota miaka kumi na minne. Alipoona tangazo kwamba mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu, aliyeishiwa nguvu za miguu, anahitaji mtu wa kumtembelea kila siku isipokuwa Jumapili, alijiandikisha akiwa wa kwanza.

Na alikwenda. Hilo hakuna wa kumnyang'anya: siku tisa alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, akakaa, akasikiliza. Siku ya kumi palikuwa na sare mia moja na ishirini za kumaliza. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akaanza kuomba radhi.

"Nenda, mwanangu," Mwalimu alimkata kauli. "Kazi ikichacha haingoji. Mimi nitakubonyezea."

Siku ya kumi na moja hakupanda kabisa. Alibonyeza akiwa kwenye cherehani. Simu ilitaka tu mtembeleaji asiwe mbali zaidi ya hatua thelathini na anayetembelewa, na haikujua tofauti ya chini na juu. Alingoja bila kuondoa jicho kwenye simu. Mstari ukageuka kijani. Kesho yake hakungoja kuutazama.

Alikuwa na utetezi, na utetezi ule ulipitia darini. Kila asubuhi alisikia fimbo ya Mwalimu ikitoka kitandani kwenda jikoni, taratibu, ikipumzika njiani. Mnamo saa nne alisikia kiti kikiburuzwa kuelekea dirishani. Baada ya kitambo kidogo alisikia kiti cha pili. Hicho kiti cha pili ndicho kilichomtuliza roho. Ana wageni, alijiambia, akikanyaga pedali. Ana watu wake. Hayuko peke yake.

*

Siku ya mazishi, baada ya watu kurudi kutoka makaburini, waliketi uani kwenye viti vya plastiki. Binti wa Mwalimu alikuwa mtoto pekee, mpima ardhi aliyefanya kazi mbali, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini na tabia ya kutazama kitu kwa muda kabla ya kukisemea. Alisimama, akatoa simu.

"Sitasema mengi," alisema. "Mama alikuwa mtu wa kuandika. Kuna jirani yake mmoja alimtembelea mpaka mwisho, na ndiye aliyemkuta. Kila alipothibitisha, mama aliongeza maneno. Nimeyasoma yote. Naomba niwasomee machache."

Fundi, aliyekuwa ameketi safu ya pili, aliinua kichwa. Maneno? Siku zote alitazama rangi na namba. Hakuwahi kufungua mstari hata mmoja kuona ndani kuna nini.

"'Leo amekuja tena,'" binti alisoma. "'Amekaa mpaka saa tano. Tumebishana kuhusu kola. Yeye anasema ya duara inapendeza. Mimi nasema inamfanya mtu mzima aonekane kama anangoja kengele ya mapumziko. Amecheka mpaka akakohoa.'"

Watu walicheka kwa upole, wengine wakifuta macho. Walimgeukia Fundi. Yeye alihisi uso wake ukitafuta sura ya kuvaa na kuikosa.

"'Leo amekuja tena. Amenisuka nywele. Ana mikono myepesi, havuti.'" Binti alipitisha kidole kwenye kioo. "'Leo amekuja tena, lakini muda wote amekaa kimya. Kuna jambo linamsumbua nyumbani kwake. Sikumuuliza. Nimemmiminia chai ya pili.'"

Hapo Fundi aliinamisha kichwa. Maana siku ile aliikumbuka. Yeye na mumewe walikuwa wamegombana asubuhi nzima kwa sauti ambazo walidhani zinaishia ukutani. Kumbe sauti zilipanda kama zilivyoshuka. Mwalimu alikuwa huko juu, anasikiliza, kisha akampa mgeni asiyekuwepo kikombe cha pili.

Bwana Mnyororo alimfuata baadaye, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umetuheshimisha mtaa mzima," alisema. Halmashauri ilikuwa imeamua kumwongezea alama za pekee kwa kumkuta marehemu. Simu yake ililia palepale, mtetemo mmoja mfupi mfukoni, naye akashtuka kama aliyeguswa begani.

*

Alisoma mistari yote. Aliisoma mchana, cherehani ikiwa imefunikwa, mlango umefungwa kwa komeo. Ilikuwa sitini na mitatu baada ya ile tisa ya kweli, na karibu kila mmoja ulianza kwa maneno yaleyale, kama tarehe kwenye daftari la insha: leo amekuja tena. Hakukuwa na lawama hata mahali pamoja. Hakukuwa na kijembe. Palikuwa na maisha. Mwanamke mmoja mwenye jina la kazi kama lake na sauti kama yake alipanda kila siku, akaulizia miguu, akaonjeshwa supu akasema chumvi imezidi. Alishona kifungo cha shali. Alilia siku moja kwa sababu ya mama yake aliyefariki, na Mwalimu akaandika: "Sikumwambia anyamaze. Watu wanaharakisha sana kunyamazishana." Na ni kweli kwamba mama yake Fundi alikuwa amefariki. Lakini Fundi hakuwahi kumlilia mbele ya mtu.

Tangu siku ile akawa hana amani na huyo mwingine. Majirani walipomsalimu kwa heshima, alijua wanamsalimu yule. Mteja aliyesema, "Nimeleta nguo kwako kwa sababu nimesikia una moyo," alikuwa ameleta nguo kwa yule. Alipopita mbele ya kioo cha kujaribishia nguo aligeuza uso, kwa hofu ya kijinga kwamba aliyemo ndani atakuwa anatulia na kutabasamu, mtu mwenye nafasi, mtu aliyekaa mpaka saa tano. Wakati mwingine alimwonea wivu. Yule alikuwa amemsuka mtu nywele, ameachwa alie bila kunyamazishwa. Yeye alikuwa ameshona sare.

Asubuhi ya siku ya nne baada ya mazishi, mnamo saa nne, kiti kiliburuzwa darini kuelekea dirishani.

Uzi ulikatika. Mguu wake ulibaki juu ya pedali, hauendi, haurudi. Alingoja kiti cha pili, na kilipokuja, sauti ileile, polepole, kikikwaruza palepale kilipozoea kukwaruza, alielewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kwamba ni binti wa Mwalimu anahamisha vyombo. La pili ni kwamba siku zote zile hapakuwa na wageni wowote. Mwanamke asiyekuwa na miguu ya kumfikisha ngazini alikuwa akiburuza kiti cha pili kwa mikono yake, akakiweka mkabala na chake, akaketi kumsubiri. Na Jumatatu ile, kiti kilipokosa kulia, Fundi alikuwa amefurahia utulivu.

Mumewe, fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, alimsikiliza jioni mpaka mwisho. Aliacha mkate wake mezani.

"Umemwibia nani?" aliuliza.

"Sijui."

"Mwenyewe alikubonyezea kwa hiari yake. Alikuwa na akili timamu kuliko mimi na wewe. Alitaka upate hicho chumba."

"Alitaka niende."

"Angetaka uende angegonga sakafu kwa fimbo. Tungesikia." Akaona kwamba maneno yale hayakusaidia. "Na sasa unataka kufanya nini? Pete haichomoki. Yule bwana alisema."

"Haichomoki, lakini unaweza kuongeza nyingine ya kusahihisha. Aliyethibitisha ndiye anashuhudia. Akiwa hayupo, mrithi wake."

"Kwa hiyo utapanda juu, umwambie mtoto aliyefiwa kwamba mama yake alikuwa akiongea na kiti."

Hakulisema kwa ukatili. Lakini lilikaa pale mezani kati yao, na hakuna aliyelila wala kulitupa.

*

Barua ya halmashauri ilifika siku mbili baadaye. Chumba namba nne, dirisha kubwa, kinatazama barabara. Asaini na kurudisha. Fundi aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni, akapanda.

Chumba cha Mwalimu kilikuwa nusu kimefungwa kwenye maboksi. Binti alikuwa amepiga magoti akipanga vitabu kwa ukubwa wake, jinsi watu wa vipimo wanavyopanga. Viti viwili vilikuwa bado dirishani, vimetazamana.

"Karibu, dada," alisema. "Keti mahali pako."

Fundi alitazama viti, hajui kipi. Binti aliliona hilo. Fundi aliona kwamba ameliona.

"Sikuja," Fundi alisema.

Binti aliweka chini kitabu alichokishika.

"Siku tisa za mwanzo nilikuja. Hizo nyingine nilikuwa hapo chini, nabonyeza. Yale maneno uliyosoma..." Aligusa mgongo wa kiti. "Sijawahi kumsuka mama yako. Siku ile nilipomkuta, nilikuja kumuuliza kwa nini hajathibitisha."

Alitegemea kelele, au kilio, au mlango kuonyeshwa. Binti aliketi sakafuni palepale, akaegemeza mgongo kwenye boksi, akamtazama kwa muda mrefu kwa macho yale ya kukadiria umbali.

"Umesoma ya kwako tu?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Kuna ya kwangu pia. Kila Jumapili." Alichukua simu yake, akafungua, akasoma bila kupandisha sauti. "'Binti yangu amepiga leo. Tumeongea nusu saa. Ameniambia huko waliko wameona twiga, wakasimamisha vipimo mpaka wakapita. Sauti yake ina mafua, nimemwambia avae sweta.' Jumapili kumi na moja. Kazini kwetu nao wanaangalia alama. Nilikuwa nabonyeza nikiwa porini na vipimo vyangu, najiambia nitapiga jioni mtandao ukikaa vizuri. Nilipiga mara mbili." Alizima kioo cha simu kwa kidole gumba. "Sijawahi kuona twiga huko."

Fundi aliketi. Hakuchagua kiti, aliketi kilichokuwa karibu.

"Nilipoyasoma ya kwangu nilijua ni ya kubuni," binti alisema. "Kisha nikasoma ya kwako. Nikasema, basi, haya si kitu, mimi sikuwepo lakini huyu alikuwepo. Ndiyo maana niliyasoma mbele ya watu. Nilikuwa natumaini ya kwako ni ya kweli."

Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi bila subira. Honi iliacha, ikaanza tena.

"Nisamehe," Fundi alisema.

"Usiniombe mimi. Mimi nani?" Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Zile tisa. Niambie hizo."

Fundi alianza kusema na akagundua, kwa aibu mpya, kwamba siku tisa zilikuwa zimebaki nne au tano. Alisimulia alizonazo. Kwamba siku ya kwanza alitaka kukaa kando ya kitanda, na Mwalimu akakataa, akamwambia, "Mgonjwa si mimi, ni miguu, nayo haipendi kutembelewa." Kwamba Mwalimu alimsahihishia tangazo la mlangoni, lililoandikwa *tunashona na kurekebisha aina zote za nguo*, akasema aina hazishonwi. Kwamba alikuwa na mazoea ya kupuliza chai hata ikiwa imepoa. Binti alicheka hapo kwa ghafla, kicheko kilichoishia pabaya. Siku nyingine walikuwa wameongea jambo refu kuhusu mvua, au kuhusu shule, Fundi hakuwa na uhakika, kwa sababu alikuwa akifikiria sare.

Alipomaliza alitoa ile barua mfukoni, akaiweka juu ya boksi, akaeleza alichokuja kukiomba. Binti aliisoma barua yote, pamoja na muhuri.

"Ukisahihisha, chumba kinaondoka."

"Naelewa."

"Na ya kwangu nayo yataonekana. Mtu akianza kuvuta uzi mmoja."

"Sikuombi la kwako."

Binti aliikunja barua. Kisha alisogea, akainuka kwa kushika ukingo wa dirisha, akaketi kwenye kiti cha pili. Magoti yao yalikaribia kugusana. "Lete," alisema.

Daftari la Wema halikuruhusu kusahihisha kwa jumla. Ilibidi kufungua mstari mmoja mmoja, kuusoma, kuchagua *haikutokea*, kisha kujaza kisanduku kilichouliza: *Ni nini kilichotokea siku hiyo?* Bila kujaza hapo, pete haikukubali kufungika. Fundi alifungua wa kwanza, ule wa siku aliyoishia mlangoni. Alisoma kwa sauti. Alifika kwenye kisanduku, akakwama.

"Nini kilitokea?" binti aliuliza.

"Nilikuwa chini, nashona."

"Hilo ni la kwako. Hapa pameulizwa siku. Humu chumbani, nini kilitokea?"

Hakuna aliyejua. Waliangalia ukuta, jiko dogo la plagi, nguzo ya kitanda, kana kwamba kimojawapo kitajitolea kusema. Mwishowe Fundi aliandika: *Alikuwa peke yake.* Binti alithibitisha. Mstari ukageuka rangi ya kutu, na namba iliyokuwa juu ya kioo ikashuka. Walifanya wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Jua lilihama kutoka kwenye boksi likapanda ukutani. Kwenye wa sita binti aliomba maji, akanywa, akarudi. Kwenye wa tisa Fundi aliacha kutazama namba, na alipoitazama tena chumba namba nne kilikuwa kimekwisha kwenda, wala hakujua kimeondoka kwenye mstari upi.

"Umechoka?" aliuliza.

"Soma unaofuata," binti alisema.

Fundi akasoma.

"'Leo fundi amechelewa. Saa nne imepita, saa tano imepita, nikasema leo haji, ana kazi zake. Nikaanza kurudisha kikombe kabatini. Kumbe anakuja. Nimemsikia kwenye ngazi.'"

Kisanduku kilifunguka, cheupe, kikingoja. Fundi alimtazama binti. Binti alikuwa ameugeuzia uso mlango, kana kwamba naye anasikiliza ngazi. Simu ilikaa kati yao juu ya magoti, kioo kikaanza kufifia chenyewe, na hakuna aliyenyoosha kidole.